Utangulizi: London Hadi Paris ni Mbali Kiasi Gani?

Uliza kompyuta yoyote umbali wa London na Paris, itakujibu bila kusita: kilomita 344. Uliza muda wa safari ya ndege, utaambiwa saa 1 na dakika 20, pengine pungufu kidogo. Sasa gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Utapata mwendo wa kilomita 258 kwa saa, ambao treni inayopita chini ya bahari kati ya miji hiyohiyo, ikishashika kasi, inauzidi bila taabu. Ndege ya abiria ya leo ikishafika juu hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Hesabu imekwenda upande mahali fulani, na wala hakuna aliyedanganya.

Elimu ninayokukaribisha inaanzia kwenye pengo hilo. Haina jina moja. Wapima ardhi wana sehemu yao wanayoiita jeodesia, marubani na waongoza ndege wana yao, wapanga ratiba wa mashirika ya ndege nao wana yao, na siku hizi mawakili na majaji wamejenga kibanda chao pembeni mwa uwanja. Kila kundi lina namba zake na hushangaa kwa nini wengine hawazitumii. Mimi msimamo wangu nautaja mapema: hakuna umbali mmoja wa London na Paris. Yapo maswali mengi, na kila swali lina umbali wake na muda wake. Anayeuliza "kutoka wapi hasa, hadi wapi hasa, na kwa saa ya nani?" ameshaingia ndani, hata kama hesabu zake bado ni za kuhesabia vidole.

Nimechagua miji miwili tu, tena iliyo karibu, kwa makusudi. Safari ndefu huficha mambo. Safari fupi kama hii haina pa kuyafichia.

Tuanze na 344. Upande wa London namba hii huanzia Charing Cross, mahali ambapo kwa desturi umbali wa kutoka jijini humo hupimiwa. Upande wa Paris huishia mbele ya kanisa la Notre-Dame, ambako kuna alama ya sifuri ya barabara za Ufaransa. Kati ya nukta hizo mbili unavutwa mstari mfupi kuliko yote uwezao kupita juu ya uso wa dunia. Ukivuta uzi juu ya tufe la darasani mpaka ukakaza, uzi utaufuata mstari huo wenyewe. Ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katikati kabisa. Hesabu yake hutaka vitu vitatu tu: latitudo, longitudo, na nusu-kipenyo cha dunia, ambacho kwa wastani ni kilomita 6,371. Kanuni inayotumiwa zaidi huitwa haversini, jina ambalo James Inman, mwalimu wa mabaharia wa Uingereza, alilitumia mwaka 1835 katika kitabu chake cha kuongozea meli. Mabaharia waliipenda kwa sababu majedwali yake yaliwapunguzia makosa walipokuwa wakihesabu kwa mkono huku chombo kikiyumba.

Dunia, lakini, si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Anayetaka usahihi hutumia umbo hilo lililobonyea, na tangu mwaka 1975 wengi wametumia njia ya hesabu aliyoichapisha Thaddeus Vincenty. Je, inabadilisha nini kwa miji yetu? Mita 370 hivi. Hazifiki hata nusu kilomita. Rubani hajali. Mpima ardhi hulala macho kwa ajili yake.

Kwa wanaopenda kuchezea namba, hapa kuna nyingine. Ungeweza kuchimba shimo lililonyooka kabisa kutoka Charing Cross hadi Notre-Dame, bila kufuata mviringo wa dunia, shimo hilo lingefika kina cha kilomita 2.3 katikati ya safari. Na kwa taabu hiyo yote lingekuokolea mita 42 tu. Ukipanda juu badala ya kuchimba, kuruka kilomita 10 angani kunarefusha njia kwa nusu kilomita hivi. Kwa hiyo mviringo wa dunia, jambo ambalo wanafunzi hulikimbilia kwanza wanapotafuta sababu ya pengo, hauna hatia.

Namba hiyo ya 344 imepatikana kwa jasho. Mwaka 1783 mnajimu wa Ufaransa, Cassini de Thury, aliwaandikia Waingereza waraka uliowachoma. Alidai kwamba mahali ilipo Greenwich kwa kulinganishwa na Paris hapajulikani sawasawa, na kwamba katika longitudo shaka ilikuwa ya karibu sekunde 11 za saa. Sekunde 11 zinaonekana kidogo. Kwenye latitudo ya London ni zaidi ya kilomita 3 za mashariki na magharibi. Miji mikubwa miwili ya Ulaya, yenye vituo viwili vya unajimu vyenye sifa, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika imepishana kiasi gani! Nevil Maskelyne, mnajimu wa mfalme huko Greenwich, hakufurahi, na baadaye aliandika majibu ya kukitetea kituo chake. Lakini shauri lilikuwa limekwisha kukubaliwa: ipimwe.

Kazi alipewa Jenerali William Roy. Majira ya joto ya mwaka 1784 alikwenda Hounslow Heath, uwanda tambarare magharibi mwa London, apime mstari wa msingi ambao juu yake pembetatu zote zingejengwa. Alianza na fito za msonobari. Zikavimba kwa unyevu wa hewa ya Kiingereza, akaziacha, akatumia mirija ya kioo. Mstari ulipatikana kuwa na futi 27,404 na kitu, kama kilomita 8.35, na kazi hiyo ilimpa nishani ya Copley mwaka uliofuata. Kisha alingoja. Fundi wa vyombo, Jesse Ramsden, alichukua miaka kutengeneza kipimapembe kikubwa kilichohitajika, na Roy, mtu wa jeshi asiyezoea kungojeshwa, aliandika manung'uniko yake wazi. Chombo kilipofika mwaka 1787, pembetatu zikaanza kutambaa kuelekea pwani, hadi Waingereza walipokutana na wenzao wa Ufaransa, Cassini mwana, Méchain na Legendre, na usiku wakawashiana taa kali ng'ambo na ng'ambo ya Mfereji wa Uingereza ili kila upande upime pembe ya mwenzake. Roy alifariki mwaka 1790 akiwa bado anasahihisha chapa ya taarifa yake.

Miisho ya mstari wake wa msingi iliwekewa mizinga iliyofukiwa wima ardhini. Mmoja bado uko pale, karibu na barabara ya kaskazini inayozunguka uwanja wa ndege wa Heathrow. Maelfu hupita hapo kila siku wakienda Paris, wakiwa na haraka ya kutosha kutouona.

Na ni uwanda huohuo wa Hounslow ambao tarehe 25 Agosti 1919 ndege ya kampuni ya Aircraft Transport and Travel iliondokea kwenda Le Bourget, nje kidogo ya Paris, ikafungua safari za kila siku kati ya London na Paris. Ilikuwa de Havilland ya vita iliyofanyiwa marekebisho. Ilibeba abiria mmoja, mwandishi wa habari, pamoja na ngozi, magazeti, ndege wa kuwindwa na malai ya Devon. Ilifika baada ya saa 2 na nusu hivi. Namba hiyo iweke kichwani, tutaikuta tena.

Marubani wa wakati ule hawakuruka kwa duara kuu. Waliruka kwa kuangalia chini: barabara, mto, na hasa reli, ambayo haipotezi mtu. Umbali wao ulikuwa umbali wa reli. Tarehe 7 Aprili 1922, karibu na Beauvais, kaskazini mwa Paris, ndege mbili za njia hii, moja ikitoka Uingereza na nyingine ikienda, ziligongana katika ukungu. Watu 7 walikufa. Ndiyo ajali ya kwanza ya ndege mbili za abiria kugongana angani, na baada yake kampuni za njia hiyo zilisisitiza kanuni ambayo meli na magari ya kukokotwa yalikuwa nayo zamani: kila mmoja ashike mkono wake wa kulia. Tangu hapo ndege imekuwa ikifuata njia iliyopangiwa, na mstari mfupi kuliko yote umebaki kuwa kipimo cha kulinganishia tu.

Sasa panda ndege ya leo. Kutoka Heathrow hadi Charles de Gaulle, uwanja ulioko kaskazini-mashariki mwa Paris, ni kilomita 347 hivi. Ukiondokea Gatwick, kusini mwa London, ni 308. Ukiondokea Stansted, karibu 359. Miji haijasogea hata hatua moja, wewe umesogea. Upo pia uwanja unaouzwa kwa jina la Paris ulioko Beauvais, kilomita zaidi ya 70 kutoka jijini, na abiria wengi huujua umbali huo wakishaketi ndani ya basi.

Kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa, kilomita 347 ni kazi ya dakika 25. Tafuta zilizobaki. Saa ya ratiba huanza ndege inapoachia breki na kusukumwa kutoka maegeshoni, na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na foleni ya kuzifikia hula dakika 20 bila mtu kuona ajabu. Kisha jambo la kuchekesha: njia hizo zimelala mashariki-magharibi, upepo wa London mara nyingi hutoka magharibi, na ndege huinuka kwa kuukabili upepo. Paris iko kusini-mashariki. Kwa hiyo mara nyingi msafiri wa Paris huanza safari kwa kuipa Paris mgongo, kisha ndege ndiyo igeuke.

Chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa. Kupanda nako kunataka muda. Kushuka kunataka zaidi: marubani hukadiria maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000, hivyo ndege iliyofika futi 25,000 inahitaji maili 75, kilomita 139, kabla ya kugusa ardhi. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya njia nzima. Ndege haijatulia juu, wahudumu hawajamaliza kugawa vinywaji, na tayari pua inainama. Ule mwendo wa 830 tuliogawanyia hautumiki ila kwa dakika chache katikati. Halafu Charles de Gaulle nayo, yenye njia nne, imezilaza mashariki-magharibi vilevile. Upepo ukitoka magharibi, ndege inayokuja kutoka kaskazini-magharibi hulazimika kupita hadi upande wa mashariki, izunguke, irudi kutua. Ndiyo maana dakika 25 za kwenye karatasi huwa 45 au 50 za hewani, na 75 au 85 za kwenye tiketi.

Kurudi London kuna adha yake. Heathrow ina maeneo manne ya kusubiria angani, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, ambako ndege huzunguka moja juu ya nyingine zikingoja zamu. Zinazotoka upande wa Paris hukutana hasa na Biggin. Mzunguko mmoja wa hapo unaongeza umbali ambao hakuna ramani itakayokuonyesha.

Upepo wa juu, ambao vitabu vingi huupa sura nzima, hapa nitaupitia haraka. Katika njia fupi kama hii, upepo wa kilomita 100 kwa saa mbele au nyuma hubadilisha dakika 3 tu. Uzito wake uko kwenye bahari kuu: mwezi Februari 2020 ndege moja aina ya Boeing 747 ilisukumwa na upepo wa dhoruba kutoka New York hadi London kwa muda wa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6.

Kinachostahili kukaliwa zaidi ni dakika ambazo hazitumiki kabisa. Mpanga ratiba hujua kwamba kituo cha Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga Ulaya, huko Brussels kinaweza kuipa ndege nafasi ya kuruka yenye upana wa dakika 15 tu, tano kabla na kumi baada, na kwamba atakayeikosa ataomba upya. Hujua foleni, ukungu, na abiria anayezurura dukani huku jina lake likiitwa. Basi hutia dakika za akiba ndani ya ratiba. Ndege inayochelewa chini ya dakika 15 huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati, kwa hiyo akiba hiyo ina faida mara mbili. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmefika mapema. Kwangu mimi, muda ulioandikwa kwenye tiketi ni ahadi ya mfanyabiashara, na katika namba zote za fani hii ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Treni haina mambo hayo. Kutoka kituo cha St Pancras hadi Gare du Nord reli ina kilomita 492, karibu mara moja na nusu ya duara kuu, na safari huchukua saa 2 na dakika 15 au zaidi kidogo, katikati ya jiji hadi katikati ya jiji. Jumlisha upande wa ndege kwenda uwanjani, ukaguzi, kungoja na kutoka uwanjani, na mshindi hubadilika. Ule muda wa saa 2 na nusu wa mwaka 1919, nilisema tutaukuta: ndio uliotumiwa na Ufaransa mwaka 2023 ilipopiga marufuku safari za ndege za ndani pale ambapo treni inatosha chini ya muda huo, kwa mfano kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Lyon au Bordeaux. London haimo, kwa kuwa si safari ya ndani.

Bado hatujagusa saa ya ukutani. Ukiondoka Paris saa 4:00 asubuhi unaweza kufika London saa 4:15 asubuhi. Ukiondoka London saa 4:00 utafika Paris saa 6:20 mchana. Mgeni hudhani jua ndilo lililofanya hivyo. Jua lina sehemu ndogo sana humo. Longitudo za Greenwich na kituo cha unajimu cha Paris zimepishana kwa nyuzi 2 na dakika 20 hivi, na kwa jua hiyo ni tofauti ya dakika 9 na sekunde 21. Ndiyo tofauti ambayo Ufaransa iliifuta kwa sheria mwaka 1911, ilipozirudisha nyuma saa zake kwa kiasi hicho hasa ili zilingane na Greenwich, ingawa sheria yenyewe iliepuka kulitaja jina la Greenwich. Tofauti ya leo ya saa nzima ilikuja na vita. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia Paris wakaleta saa ya Berlin, na baada ya wao kuondoka Ufaransa ikabaki nayo. Uingereza ilijaribu kukaa na saa hiyohiyo mwaka mzima kati ya 1968 na 1971, ikaiacha. Kwa hiyo anayetoa saa ya kufika kwenye saa ya kuondoka bila kuuliza ni saa ya nani anapima siasa za karne ya ishirini, huku akidhani anapima ndege.

Mwisho niwatambulishe majaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria aliyecheleweshwa au kufutiwa safari fidia ya euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na 400 kwa zinazozidi hapo hadi 3,500. Kanuni yenyewe inasema umbali upimwe kwa duara kuu. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria waliotoka Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels. Njia waliyoruka ilikuwa kilomita 1,656. Kwa mstari wa moja kwa moja ni 1,326. Mahakama ikashika 1,326, kwa hoja kwamba adha ya kuchelewa haiongezeki kwa sababu mtu amebadilisha ndege. Nadhani iliamua sawa, ingawa utawakuta wenzangu wanaobisha.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 2014, ya safari ya Salzburg kwenda Cologne. Ndege ilitakiwa kufika saa 8:40 mchana. Iligusa ardhi saa 11:38 jioni, ikiwa imechelewa kwa saa 2 na dakika 58. Iliegeshwa saa 11:43, yaani saa 3 na dakika 3, na fidia hudaiwa kuanzia saa 3. Je, ndege hufika lini? Kampuni ilisema magurudumu yakigusa ardhi. Mahakama ilisema hapana: inafika mlango mmojawapo unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka, kwa kuwa hadi hapo bado wamefungiwa mahali wasipoweza kuendesha shughuli zao.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, fanya kazi hii ndogo. Kokotoa mwenyewe duara kuu la Charing Cross na Notre-Dame kwa haversini. Charing Cross iko latitudo 51.51 kaskazini na longitudo 0.13 magharibi, Notre-Dame iko 48.85 kaskazini na 2.35 mashariki. Kisha kwa wiki moja fuatilia ndege zozote za Heathrow na Charles de Gaulle kwenye huduma za intaneti zinazoonyesha ndege zikiwa angani. Chora safu nne: kuondoka maegeshoni, kuinuka, kugusa ardhi, kufunguliwa mlango. Tatu za mwanzo zitajaa kwa urahisi. Ya nne itakusumbua, kwa sababu hakuna rada inayoona mlango.